Naombeni ushauri: bei ya chipsi mayai Nane Nane Mbeya

Mama Karai
Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za saa hizi.

Nakaanga chipsi Uyole, huu mwaka wa sita. Mwaka jana nilichukua kibanda kwa mara ya kwanza viwanja vya John Mwakangale, siku zote nane, Agosti 1 hadi 8. Mtaani zege, yaani hizo chipsi mayai, nauza 2,500. Kule nikaweka 5,000 kwa kuwa majirani wote walikuwa kwenye 5,000. Siku tatu za mwanzo nilirudi na viazi nyumbani. Tarehe 8 watu wakafurika, nikajaza karai mpaka juu. Mama mmoja wa kutoka Rujewa, ana watoto watatu, akavunja kipande cha chipsi mbele yangu: ndani cheupe, kigumu. Hakugomba. Aliwachambulia wanawe mayai, chipsi akaziacha mezani. Sahani mbili, 10,000 yake. Mpaka leo naiona ile meza.

Mwaka huu nataka kurudi. Niuze bei gani, na nifanyeje ubora usishuke watu wakijaa?

Mzee wa Soweto
Marahaba mama. Bei ya jirani iache kwanza, piga hesabu ya sahani yako. Mimi msimu uliopita ilikuwa hivi: viazi 350, mafuta 350, mayai mawili 800, mkaa 150, kachumbari na kisahani 250. Hapo ni 1,900. Kibanda nililipa 250,000. Nikiuza sahani 80 kwa siku, siku nane ni sahani 640, kila moja inabeba 390. Vijana wawili 30,000 kwa siku, ongeza 375. Jumla 2,665. Niliuza 3,500 na nilirudi na faida.

Ila angalia hapo kwenye 80. Ukiuza 40 tu, kibanda na vijana peke yake vinakula zaidi ya 1,500 kwa kila sahani. Ndiyo maana ile 5,000 iliyofukuza watu haikukusaidia.

Chalii wa Kabwe
Mzee, heshima yako, lakini mimi sikubaliani. Nane Nane ni mara moja kwa mwaka, na mvua au upepo ukiharibu siku mbili hakuna wa kukurudishia. Dada auze 4,000 apate pa kujishikia.

Mkulima Chunya
Mimi ni mnunuzi, nije na la kwangu. Tunapanda gari alfajiri na familia, mfukoni kuna nauli na hela ya mbegu. 4,000 nalipa nikiambiwa mapema. Kinachouma ni kula kwanza halafu kutajiwa bei, au kuona aliyevaa suti anatajiwa yake na mimi yangu. Mama, andika bei kwenye ubao, herufi kubwa, isomeke kabla mtu hajakaa.

Bwana Afya Mstaafu
Hilo la chipsi mbichi ni mafuta kupoa. Ukirundika viazi, moto unashuka, chipsi zinanywa mafuta na ndani haziivi. Kaanga mara mbili: asubuhi ziive nusu bila kubadilika rangi, zitandaze zipoe, kisha mteja akiagiza zirudishe kidogo kidogo kwenye mafuta ya moto. Foleni itakwenda haraka kuliko mwaka jana.

Mafuta yakiwa meusi na kutoa povu, mwaga. Usiyaongezee mapya juu yake. Kachumbari kata kidogo kidogo, isikae juani tangu asubuhi. Wewe na vijana wako mkapime afya mapema, msisubiri wiki ya maonesho. Weka ndoo ya bomba na sabuni mbele, wateja wanawe. Na wa kubeba usiwafungie kwenye mifuko ya plastiki, ilipigwa marufuku tangu Juni 2019.

Mama Karai
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimekaa na daftari usiku huu. Kwa bei ninayonunulia viazi hapa Uyole, sahani inanitoka 2,540. Nitauza 3,500, na chipsi kavu sahani ndogo 1,500 kwa ajili ya watoto. Bei ubaoni, siku zote nane ileile, hata tarehe 8.

Kwa kukaanga mara mbili nahitaji karai la pili, zito, lisilopoa upesi. Kuna anayemjua fundi mzuri pale Mwanjelwa?

Mzee wa Soweto
Yupo mama. Njoo Jumamosi sokoni Soweto, nitakupeleka mwenyewe.