Niliagiza spika moja, nimeletewa sita. Nifanyeje?

Roho Juu: Wakuu, naombeni ushauri, jambo hili linaninyima usingizi.

Niliagiza spika moja ndogo mtandaoni, nikalipia moja. Juzi mleta mizigo kanikabidhi boksi, nikasaini, akaondoka. Niliona ni zito, nikadhani wamefungasha vizuri tu. Kukata gundi kwa funguo, nakuta spika sita zimepangwa tatu-tatu, kila moja kwenye kiboksi chake. Risiti iliyobandikwa juu inasema: idadi 1. Nimeisoma mara nne.

Mwenzangu anasema tukae kimya: hatujaiba, wameleta wenyewe, wakizitaka watapiga simu. Mimi roho haitulii. Lakini nikiripoti, huyo aliyefungasha si atafukuzwa kazi? Gharama ya kurudisha ni ya nani? Na nimeshafungua viboksi viwili kabla sijaelewa kilichotokea.

Tulia Kwanza: Mkuu, hakikisha hakukuwa na ofa ya nunua moja upate nyingine. Rudi kwenye ukurasa wa bidhaa, soma hadi chini. Kama hamna, basi wamekosea.

Roho Juu: Nimeangalia, hamna ofa.

Karani wa Stoo: Ndugu yangu, nimekaa stoo miaka tisa, acha nikueleze hiyo ilivyotokea. Katoni la jumla lina msimbo wake na kila kipande kina wake. Mfungashaji akiwa na haraka, au bidhaa ikiwa imesajiliwa vibaya, anachukua katoni zima akidhani ndiyo kipande kimoja. Kompyuta inatoa 1, rafuni zinatoka 6. Siku hiyo hakuna anayegundua.

Shughuli inakuja siku ya kuhesabu mzigo. Zinakosekana spika tano, na hakuna karatasi inayoonyesha zilikokwenda. Hapo hakuna anayesema "tulikosea". Linalosemwa ni "zimeibwa". Wanaanza kutazamwa waliokuwa zamu, dereva, mlinzi, hata mfagizi. Mimi nimewahi kukatwa mshahara kwa upungufu ambao hadi leo sijui ulitokana na nini. Kwa hiyo hofu yako ya kumponza kijana wa watu naielewa, ila umeigeuza. Kosa lililoripotiwa lina maelezo na mzigo umerudi. Ukinyamaza ndipo unapomwacha asimame mbele ya bosi bila jibu.

Ukiwaandikia, ongeza mstari mmoja: inaelekea lilichukuliwa katoni badala ya kipande. Mstari huo utamsaidia sana.

Kaza Buti: Mnamtisha bure. Duka kubwa lile haliwezi kuyumba kwa spika tano. Riziki imekuja mlangoni.

Karani wa Stoo: Kaza Buti, duka haliyumbi, kweli. Anayeyumba ni mwenye zamu.

Mzee wa Mikataba: Suala la sheria hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo uliza za kwenu. Ila nisahihishe jambo ambalo watu hulishika nusu. Marekani ina sheria ya tangu 1970 inayokuruhusu kuchukua kama zawadi bidhaa uliyotumiwa bila kuiagiza, na Uingereza nayo ina sheria yenye mwelekeo huo. Hizo zimelenga wauzaji wanaokutupia mzigo usiouomba kisha wakudai malipo. Wewe uliagiza, wakazidisha kwa bahati mbaya. Hiyo ni kesi nyingine. Uingereza hiyohiyo, Sheria ya Wizi ya 1968 inasema ukipata mali kwa makosa ya mwingine huku una wajibu wa kuirudisha, kukusudia kutoirudisha kunahesabika kama kukusudia kumnyima mwenyewe mali yake. "Wameleta wenyewe" si kinga, mwambie mwenzako kwa upole.

Gharama ya kurudisha waachie wao, kosa ni lao. Waambie waje wachukue. Viboksi vilivyofunguliwa vitaje wazi, na spika zake usiziwashe.

Mama Wawili: Mwanangu, unakumbuka ndugu zake Yusufu walivyokuta fedha zao zimerudishwa ndani ya magunia? Baba yao Yakobo hakusema ni bahati. Aliwaambia wazirudishe, huenda ilikuwa makosa. Na ulikuwa wakati wa njaa. Mimi kisa hicho huwa kinanigusa kila nikikisikia.

Karani wa Stoo: La mwisho, na hili ni la muhimu kuliko yote niliyosema: usimpe mleta mizigo mkononi hivi hivi. Andika kwa duka, taja namba ya oda, weka picha ya risiti na ya boksi likiwa wazi. Akija mtu, asaini karatasi yenye idadi tano. Bila hiyo zinaweza kupotelea njiani, na duka likadhani bado unazo. Wakikuambia baki nazo, waandike pia.

Roho Juu: Mrejesho, wakuu. Nimewaandikia jana usiku pamoja na mstari ule wa katoni. Asubuhi amenipigia dada mmoja, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nirudie idadi. Kumbe walishaanza kuhoji watu wa zamu ya Jumanne. Wanakuja kesho kuchukua, kwa gharama yao, na viboksi viwili vilivyofunguliwa wamesema si tatizo. Mwenzangu ndiye aliyezipanga tena zile tano, tatu na mbili, na karatasi ya kusaini ameiandika yeye.