Naomba ushauri: Lisp inasoma nusu ya jina la mteja

Wakuu habari za jioni, niko Moshi, najifunza Common Lisp (lugha ya kuandikia programu) mwezi wa pili sasa, natumia SBCL, programu ya kuiendesha. Namtengenezea mama kiprogramu cha kuandika mauzo ya maharage pale soko la Mbuyuni, kinauliza jina la mteja halafu kilo.

Mwanzo niliweka (read) ya kusoma kinachoandikwa, nikiandika Mama Neema kinachukua MAMA tu kwa herufi kubwa, halafu kwenye kilo hata hakinisubiri, kinachukua NEEMA na kuleta era eti NEEMA sio namba, nimehangaika na hilo siku mbili nzima. Nikahamia (read-line) inayosoma mstari mzima, jina likakaa vizuri kabisa nikafurahi sana. Swali lilikuwa linachelewa kutokea, nikaongeza (finish-output) ili maandishi yatoke palepale, hilo likaisha.

Sasa nimekwama kwenye kilo. parse-integer, inayogeuza maandishi kuwa namba nzima, inakubali 3 ila 2.5 inagoma, na wateja wa mama wengi ni wa nusunusu. Kuna mtu kaniambia nitumie read-from-string, inayosoma maandishi kama Lisp yenyewe, ila nimesoma kwamba mtu akiandika #. halafu code yake, hiyo code inaweza kuendeshwa palepale, nikaogopa. Nikiweka *read-eval* (swichi ya hiyo #.) kuwa nil, yaani kuizima, inatosha, au nigawanye kwenye nukta mwenyewe? Wenye uzoefu nisaidieni, kesho kutwa nampelekea mama laptopu aijaribu.