Wanataka kutukata kodi ya mji mara mbili halafu wanasema kodi haijapanda

Wakuu nimevumilia weee nimechoka, acha niseme. Madiwani wetu wana pengo kwenye bajeti, sawa, hilo kila mtu analijua, ila dawa waliyoona inafaa ni kuchukua ile kredi, yaani punguzo la kodi, tunayopewa sisi tunaoishi huku na kufanya kazi mji mwingine, waikate nusu. Na wanasimama mbele za watu wanasema kodi haijapanda, asilimia ni ileile 2. Huo ni uongo wa mchana kweupe.

Kwa ambao ndo wamefika Ohio hapa Marekani, huku mji nao unakata kodi kwenye mshahara, mbali na ya jimbo na ile ya serikali kuu. Toledo ndo walianza 1946, leo miji na vijiji vinavyokata ni zaidi ya 600. Na unakatwa kwanza pale unapofanyia kazi, sio unapolala. Mimi kazi yangu iko mji wa jirani, kule ni 2.5, kila wiki mbili nikifungua slipu ya mshahara mstari wao upo palepale chini ya ule wa jimbo, hela imeshaondoka sijaishika. Na kule sina kura. Simchagui diwani wala meya wao, kwenye nchi ambayo watoto wetu wanafundishwa shuleni kwamba wazee wao waliasi mfalme wa Uingereza kwa sababu ya kutozwa kodi bila kuwa na mtu wa kuwasemea bungeni. Hilo nilikuwa nishalimeza, kwa sababu mji ninaoishi ulikuwa unasema wewe ushalipa kule, huku hatukudai. Hiyo ndo kredi. Jimbo haliwalazimishi kuitoa, kila mji unaamua wenyewe, na ndo hapo wametupatia.

Hesabu yenyewe hii hapa maana kwenye kikao walipita nayo haraka haraka. Chukua mtu wa dola 50,000 kwa mwaka. Kule kazini 2.5 ni dola 1,250. Huku 2 ni dola 1,000, kredi ikiwa nzima inafuta yote, hudaiwi kitu. Wakiikata nusu, unadaiwa 500. Jumla unalipa 1,750, yaani asilimia 3.5 ya jasho lako imeenda kwa miji miwili, na kodi "haijapanda". Halafu hiyo 500 mara nyingi mwajiri hakukatii, maana yeye anakata ya pale kazini, kwahiyo inakusubiri Aprili ije yote kwa mkupuo, na deni la mwaka likifika dola 200 wanataka uwe unalipa kabla kila robo mwaka, ukichelewa faini na riba. Mke wangu anafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee, nayo iko nje ya mji huuhuu, kwahiyo nyumba moja tunapigwa wawili. Shifti ngapi za usiku hizo, eti kuziba pengo ambalo hatukulichimba sisi?

Na kinachoniuma zaidi ni njia waliyopita. Sheria ya Ohio inasema mji ukitaka kuvuka asilimia 1 lazima wapiga kura wakubali. Mji wa Columbus, makao makuu ya jimbo, walipotaka kutoka asilimia 2 kwenda 2.5 mwaka 2009 waliwauliza wananchi, Cleveland nao hivyohivyo 2016, na kote huko watu walikubali kwa sababu waliulizwa na wakaelezwa hela inaenda wapi. Hawa wetu wanajua wakileta kura wanaweza kushindwa, wakapita mlango wa nyuma, kredi wanaipunguza wao wenyewe mezani na mwisho wa mwaka hela inayotoka mfukoni ni ileile kama wangepandisha.

Na nani haguswi? Kodi hii inakamata mshahara na faida ya biashara. Gawio la hisa, riba ya benki, faida ya kuuza hisa, hakuna hata senti. Pensheni za wazee pia haziguswi na hapo sina neno, wazee waachwe. Ila mtu anayeishi kwa gawio kwenye jumba kubwa kule juu, mji unamzolea taka na kumwashia taa za barabarani, halafu pengo likitokea anafuatwa anayebeba maboksi ghalani saa 10 kwa siku. Nieleze mtu nielewe hiyo haki iko wapi.

Wanajua kabisa pengo limetoka wapi. Mwaka 2011 jimbo lilikata karibu nusu ya hela linazogawia serikali za mitaa, 2013 likafuta kodi ya mirathi ambayo sehemu kubwa ilikuwa inarudi kwenye miji. Kisha korona, watu wakahamia kufanya kazi nyumbani, na tangu 2022 kodi inafuata mahali ulipokaa kufanya kazi kweli, sio ofisi ilipo. Zile hela za korona kutoka Washington nazo mwisho wa kuzipangia kazi ulikuwa Desemba 2024. Kwahiyo waende wakagombane na jimbo huko Columbus lirudishe kilicho chetu, mbona wanatugeukia sisi?

Kwenye kikao nilipewa dakika tatu. Nilikuwa na slipu yangu mkononi nasoma namba moja moja na diwani wa mtaa wangu mwenyewe alikuwa anaangalia simu, hakuinua kichwa hadi nilipokaa. Mtu niliyempigia kura.

Sasa wakuu hili ndo la muhimu. Pendekezo linatakiwa lisomwe mara tatu, limeshasomwa mara mbili. Atakayekuwepo siku ya kulisoma mara ya tatu asome mwisho wa karatasi kama kuna maneno kwamba ni hatua ya dharura, maana wakiliweka hivyo na kura zikatosha linaanza kazi papo hapo na hatuwezi kulipinga kwa kura ya maoni. Wasipoliweka tuna siku 30 za kukusanya saini, zinatakiwa asilimia 10 ya waliopiga kura ya gavana mara ya mwisho hapa mjini. Nishaongea na majirani sita wanaofanya kazi nje kama mimi, wote wanakuja na fomu zao za W-2, zile za mwajiri zinazoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa mwaka mzima. Nani mwingine anakuja?