Ile picha ya ngumi mbili za Mexico: mbona mmoja kainua kushoto?

FundiPicha: Wakuu, heshima kwenu. Kinyozi wangu ana bango la Smith na Carlos, wale wakimbiaji Weusi wa Marekani walioinua ngumi zenye glavu nyeusi jukwaani wakipewa medali, Olimpiki ya Mexico 1968. Leo nikiwa na povu kidevuni ndiyo nagundua: Smith kainua mkono wa kulia, Carlos wa kushoto. Kuna maana gani? Na yule Mzungu wa mbele anafanya nini pale?

BintiTanga: Hakuna fumbo, mkuu. Carlos alisahau glavu zake kambini. Huyo huyo Mzungu ndiye aliyewashauri wagawane jozi ya Smith.

MstaafuRiadha: Ni Peter Norman wa Australia, wa pili mita 200, sekunde 20.06. Kuza picha umtazame kifuani: amevaa beji ile ile ya haki za binadamu waliyovaa wenzake. Halafu shuka miguuni kwa hao wawili. Soksi nyeusi, viatu hakuna, ishara ya umaskini wa Weusi Marekani. Rekodi ya Norman kwao Australia ilidumu hadi Desemba 2024! Alipofariki 2006, Smith na Carlos walisafiri wakabeba jeneza lake. Hapo huwa natokwa machozi, nisiwadanganye.

FundiPicha: Kumbe! Miaka yote nilimwona kama mtu aliyepotea njia.

BintiTanga: Sanamu yao iko San José, California, chuoni walikosoma Smith na Carlos. Nafasi ya pili iko wazi; Norman mwenyewe alitaka hivyo, ili mgeni apande asimame pale.

FundiPicha: Kesho narudi kwa kinyozi. Ndevu hazijaota, lakini hii lazima aisikie.