Eti "ulikuwa umeshika koroboi?" Leo nimenyolewa bila maji pale bustani ya Jeevanjee, Nairobi

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya matatu, kiti cha nyuma kabisa juu ya gurudumu, tumekwama Jogoo Road na wala sijali. Vidole vinatetemeka. Herufi zikiruka mtanisamehe. Yeye sitamsamehe.

Jina simtaji. Ya nini? Kama umewahi kuketi Jeevanjee mchana hata mara moja, hata kama ulikuwa unangoja tu mvua ipite, unamjua. Yule wa koti la kijivu hata jua likiwa la kuyeyusha lami. Yule anayelamba kidole kabla ya kufungua Biblia. Anaanza kila hoja na "nilishasema hapa", na hajawahi kusema. Ukimwazima kalamu, inahamia mfukoni mwake kama binti aliyelipiwa mahari. Huyo huyo.

Leo mada ilikuwa wakubwa wa zamani na mapenzi yao. Nani alipenda wanaume, nani alipenda wanawake, nani alimpenda farasi wake tu. Ilianzaje sijui, nadhani ilianza na bei ya unga kama kawaida. Nafika nakuta yule wa koti tayari amepanda benchi, anatoa hukumu. Alexander Mkuu? "Hakuwa shoga! Alikuwa na wake watatu!" Sawa. Haijapita dakika tano, Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda? "Huyo alikuwa! Wazi kabisa!" Nikainua mkono kwa adabu, kama mtoto wa darasa la pili. Nikasema, mzee, Mwanga naye alikuwa na wake zaidi ya kumi. Sasa wake wa Mgiriki wanamwokoa Mgiriki, wake wa Mganda wanashindwaje kumwokoa Mganda?

Kimya. Jamani, kulikuwa na kimya! Mzee mmoja alinisogezea nafasi kwenye benchi. Mimi, nafasi kwenye benchi! Ningeketi hapo, leo ningekuwa mtu.

Lakini huu mdomo. Nikaendelea. Nikamwonyesha ile Biblia ya Kiingereza iliyo kwapani mwake, nikamwambia hata huyo mfalme unayembeba, James, ambaye tafsiri yake ilichapishwa 1611, alikuwa na malkia na watoto. Na bado alimwandikia barua kipenzi chake George Villiers akimwita mtoto wake, na mke wake. Sikusema alikuwa hivi wala vile. Nilisema barua ipo, isomeni.

Mtu akashuka kwenye benchi. Polepole. Akafunga vifungo vya koti, kimoja, cha pili, cha tatu hakipo. Akanisogelea mpaka nikanusa githeri. Halafu, kwa sauti ile ya upole ya daktari anayekutaka uketi kwanza, akaniuliza:

"Kijana. Hayo yakifanyika huko chumbani, wewe ulikuwa umeshika koroboi?"

Eti koroboi.

Wakuu, watu walicheka kicheko ambacho sijawahi kukiona tangu nizaliwe. Muuza njugu alikuwa anamiminia mteja kwenye karatasi, akamimina chini, zote, na mteja hakudai, naye yuko chini anajishika mbavu. Kijana wa kung'arisha viatu aliinua mkebe wake wa rangi juu ya kichwa, akasimama wima kama nguzo, ati ananionyesha nilivyokuwa nimesimama. Kuna mama alikuwa amelala kwenye nyasi tangu asubuhi, mimi nilidhani ni mgonjwa. Aliamka. Kule kwa wahubiri upande wa Moi Avenue kulikuwa na pepo linakemewa, naapa pepo lilisimama, likacheka, ndipo likaendelea kutoka.

Na ile si hoja! Si swali hata! Ningejibu nini? Nikisema sikushika, ina maana nilikuwemo gizani. Nikisema nilishika, basi tena. Jibu lenyewe limenijia nikiwa nashuka Muthurwa: "Na kwa Mwanga, nani alishika?" Tamu kabisa. Nusu saa imepita. Nikalisema kwa sauti peke yangu, konda akanitazama kama mtu atakayekataa kulipa nauli.

Nina miaka arobaini na mmoja. Kaniita kijana. Mbele ya muuza njugu. Koroboi!

Na nikiondoka, yule wa viatu: "Mshika Koroboi, tuonane kesho!"

Semeni kitu.

Dereva_wa_46: Pole sana mkuu. Swali dogo tu. Ilikuwa ya mkebe au ya chupa?

Nipo_Nipo_Tu: Mafuta ya taa yamepanda, ndugu zangu. Mtu akikushikia koroboi usiku kucha mpe hata soda.

Shosho_Kidijitali: Mimi nilikuwepo, nilikuwa benchi la pili na mfuko wa sukuma. Huyu hajawaambia yote. Anasema hakujibu. Alijibu. Alijibu, namnukuu: "Wakati wa Mfalme James walitumia mishumaa." HAPO ndipo yule mama aliamka.

Dereva_wa_46: 😂😂😂 Nimeegesha gari pembeni.

Mleta uzi: Shosho kwa heshima zote, ule ni ukweli wa kihistoria. Mafuta ya taa ni ya karne ya 19. Nilikuwa namsahihisha.

Wakili_Bila_Leseni: Shahidi amekiri kuwepo eneo la tukio na ametaja aina ya taa. Sina swali zaidi.

Mwalimu_Mstaafu: Naomba tuwe watu wazima. Kwanza Alexander alikuwa Mmasedonia. Pili, rafiki yake Hephaestion alipofariki Ekbatana mwaka 324 KK, waandishi wa kale wanasema alikatisha manyoya ya shingo za farasi wote na tabibu akauawa. Mwaka uliofuata naye akafa, Babeli. Hayo ndiyo tuliyo nayo: maombolezo. Tatu, neno la Kizungu mnalobishania, "homosexual", lilichapishwa mara ya kwanza 1869, katika Kijerumani, na aliyeliunda ni mwandishi mmoja wa Hungaria, Karl-Maria Kertbeny. Kumbandika Alexander neno hilo ni kama kumuuliza anatumia laini gani ya simu.

Mleta uzi: ASANTE MWALIMU. Hicho ndicho nilichotaka kusema!

Nipo_Nipo_Tu: Lakini ulisema mishumaa.

Kaka_Umoja: Mwalimu, mimi nilipoibiwa simu nilinyoa ndevu. Wanahistoria wasije wakaniandika vibaya na ile Tecno.

Bi_Kibokoni: Samahanini, nina langu. Mimi ni mtu wa Mombasa, Eastleigh nina mwaka wa tisa. Kwetu sisi wanawake shoga ni rafiki yako. Yule unayemwachia ufunguo wa nyumba, mnayesukana nywele, unayemwomba chumvi saa nne za usiku. Mama alikuwa na mashoga, bibi alikuwa na mashoga, nami nina mashoga sita, wanne wazuri. Juzi kwenye foleni ya benki nikamwambia mlinzi, huyu nyuma yangu ni shoga yangu, nimemshikia nafasi. Foleni nzima iligeuka! Mlinzi akaweka mkono kwenye kirungu. Neno letu mmelichukua, mmelivalisha nguo nyingine, sasa hata kuwasalimu mashoga zangu barabarani siwezi. Nani nitamshtaki?

Dereva_wa_46: Bi mkubwa umenimaliza. Wanne wazuri? Hao wawili wamefanyaje?

Bi_Kibokoni: Mmoja ana sufuria langu. Yule mwingine tusimzungumze.

Hujaji_Kasarani: Mnavyocheka, Mwanga mnamjua? Vijana watumishi wa ikulu yake walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa sababu ya imani yao na walikataa kumtii katika uchafu. Wakatoliki 22 ni watakatifu tangu 1964. Watu hutoka Kenya kwa miguu kila mwaka kwenda kuwaheshimu. Hii si mada ya njugu.

Wakili_Bila_Leseni: Hakuna anayewagusa mashahidi. Ila simulizi nyingi za chumba cha Kabaka zimetoka kwa wamishonari, nao walikuwa wanashindania roho ya Buganda. Askofu Hannington naye aliuawa kwa amri ya Mwanga 1885, na hakuwa mtumishi wa ikulu. Kosa lake lilikuwa kuja kwa njia ya mashariki, Busoga, kule walikohofia kuvamiwa. Hiyo ni siasa. Na Mwanga mwenyewe alifia uhamishoni Ushelisheli 1903, akiwa amebatizwa. Tuseme ni mtu mwenye kurasa nyingi.

Hujaji_Kasarani: Siasa, siasa. Wewe umewahi kwenda? Mimi nilienda. Wakati wa kurudi basi likaniacha Busia mpakani nikiwa nagongewa muhuri. Viatu vyangu vilikuwa ndani! Nimevuka mpaka wa nchi mbili na ndala za mtu nisiyemjua. Nikipiga simu ofisini kwao naambiwa niende na risiti. Risiti iko ndani ya kiatu.

Kaka_Umoja: Kwa nini risiti iko ndani ya kiatu

Hujaji_Kasarani: Wezi.

Mleta uzi: Ndugu zangu, uzi ni kuhusu nilivyotukanwa.

Wa_Kitui: Mimi nyanya yangu alioa. Ndiyo, mwanamke, alimwoa mwanamke. Kwetu Ukambani mke anayeolewa hivyo anaitwa iweto. Nyanya hakujaliwa mtoto wa kiume, akalipa ng'ombe na mbuzi, mke akaja bomani, akazaa, watoto wakachukua jina la boma. Babangu ni mmoja wao. Hakuna aliyeuliza mambo ya kitanda kwa sababu hayakuwa mambo ya kitanda, yalikuwa ya shamba na urithi. Sasa miaka mia ijayo mtu atakuta karatasi ya chifu imeandikwa "mume: Fulani, mwanamke", apande benchi Jeevanjee ahukumu.

Mwalimu_Mstaafu: Hili ndilo jibu bora hapa.

Nipo_Nipo_Tu: Na hakuna koroboi ndani yake.

Kalamu_Yangu: Nyinyi wote mnazunguka. Huyo mzee wa koti ana kalamu yangu tangu mwezi wa tatu. Ya wino mweusi, kifuniko kimetafunwa. Anayemwona amwambie.

Shosho_Kidijitali: Ana mwavuli wangu.

Kaka_Umoja: Aliniomba mia mbili ya dawa. Nikamkuta kwa kibanda na supu.

Mpwa_Halisi: Mimi ni mpwa wake. Nawaomba heshima. Lile koti lilikuwa la marehemu babake. Na nyumbani hamjui anatusumbua aje, hata sisi akituuliza jambo mezani mtu anaacha chakula. Mimi aliniuliza swali harusini kwangu.

Dereva_wa_46: Swali gani??

Mpwa_Halisi: Siwezi. Mke wangu anasoma humu.

Shosho_Kidijitali: Basi mpwa, mwavuli ni wa maua, mpini wa mbao.

Mpangaji_Pipeline: Nimesoma kwamba Abraham Lincoln alilala kitanda kimoja na rafiki yake Joshua Speed kwa takriban miaka minne, Springfield, kuanzia 1837, na mpaka leo wasomi wanatoana macho. Mimi nimelala kitanda kimoja na binamu yangu hapa Pipeline mwaka wa tatu sasa. Futi nne kwa sita. Yeye ana miguu ya barafu na anaota akiendesha pikipiki. Kama siku moja nitakuwa rais, naandika hapa ushahidi: ni kodi. Na mwenye nyumba anatutoza maji kwa kichwa, anasema sisi ni watatu kwa sababu kuna mgeni alikuja Jumapili.

Wakili_Bila_Leseni: Kwa kichwa? Mwambie akuonyeshe mita.

Mpangaji_Pipeline: Mita iko ndani ya nyumba yake.

Bi_Kibokoni: Wangu alikata maji kwa sababu nilipika samaki.

Kaka_Umoja: Wangu amefunga geti saa tatu usiku tangu mwaka jana, mimi nafanya kazi hotelini natoka saa nne. Nalala kwa mlinzi. Huyo naye tunalala kwa zamu.

Mwalimu_Mstaafu: Kwa kuwa mmefika vitandani: Shakespeare aliwaandikia watu mashairi ya soneti 154, mengi kwa kijana mzuri wa kiume, na wasia wake wa 1616 ukamwachia mkewe "kitanda cha pili kwa ubora". Wengine wanasema alimdharau mke. Wengine wanasema kile cha kwanza kilikuwa cha wageni na cha pili ndicho walichokuwa wakilalia wenyewe.

Mpangaji_Pipeline: Mimi hata cha pili nakitaka.

Fundi_Gikomba: Ninacho kimoja, futi tano kwa sita, mbao ngumu, kimetumika miezi minane, mwenyewe alihama. Hakina godoro. Kiko kwangu Umoja.

Mpangaji_Pipeline: Kitapita mlango wa Pipeline?

Fundi_Gikomba: Kinafunguka vipande vinne. Mkokoteni unajitafutia.

Mleta uzi: Fundi, uko Umoja 1 au 2? Kina droo chini? Bei?

Fundi_Gikomba: Umoja 2. Droo mbili. Elfu nane, tunaongea. Ukija jioni uje na taa, stima zimepotea huku tangu jana.