Kijana wangu yuko Texas, ana miaka 19, anataka kununua bunduki. Sheria inamruhusu?

MamaKibuye
Hamjambo wenzangu. Naandika nikiwa dukani hapa Kibuye, Kisumu, na tangu asubuhi nakata vitambaa mkono ukitetemeka. Kitinda mimba wangu alienda Texas mwaka jana kusomea uhandisi. Jana usiku alinitumia picha kwa WhatsApp: bunduki ndefu imeegemezwa kando ya friji, boksi la risasi liko juu ya friji, na mezani sufuria yenye ukoko wa ugali. Sufuria hiyo naijua, nilimfungia mwenyewe siku ya safari.

Nikapiga simu. Akasema bunduki ni ya mwenzake wa chumba, ila mwenzake yuko tayari kumuuzia kwa bei nzuri, na baadaye atajinunulia bastola dukani. "Mama, nimeshaangalia. Huku ukifika miaka 18 uko sawa."

Baba yake alishatangulia mbele ya haki, kwa hivyo neno la mwisho ni langu. Mimi bunduki nimeziona kwa askari wa benki tu. Je, ni kweli umri wake unatosha? Na nikimkataza, nitumie hoja gani? Nikimwambia naogopa, anacheka.

JiraniWaDallas
Pole sana mama. Niko huku mwaka wa tisa, nitakueleza ninavyojua. Sheria ya nchi nzima, ya mwaka 1968, inasema duka lenye leseni lisimuuzie bastola mtu aliye chini ya miaka 21. Bunduki ndefu ni miaka 18. Mtu binafsi asiye na duka, kama huyo mwenzake, haruhusiwi kumuuzia bastola aliye chini ya miaka 18, lakini kwa bunduki ndefu sheria hiyo haikumwekea umri. Kila jimbo linaweza kukaza zaidi. Florida walipandisha umri wa kununua hadi 21 baada ya wanafunzi kuuawa kwa risasi pale Parkland mwaka 2018.

Kuhusu bastola mambo yanavutana kortini. Januari 2025 mahakama ya rufaa ya New Orleans, ambayo Texas iko chini yake, ilisema kuwanyima vijana wa miaka 18 hadi 20 ni kinyume cha katiba. Mahakama nyingine imesema tofauti. Kwa ufupi, kijana kwa upande wa bunduki ndefu hajakudanganya.

BabaWaBungoma
Mkataze, dada. Mtoto ameenda kusoma. Hata hapa kwetu mtu hapati silaha bila cheti na sababu ya kueleweka.

MamaKibuye
Asante ndugu zangu. Sasa nimeishiwa nguvu kabisa, kumbe sheria iko upande wake.

NimerudiNakuru
Ngoja kwanza, mama, usikate tamaa. Alienda kwa viza gani? Ya masomo, ama ana grini kadi?

MamaKibuye
Ya masomo. Nimetoa nakala kwenye faili sasa hivi, imeandikwa F-1.

NimerudiNakuru
Basi hesabu ya umri tuiweke kando, hata angekuwa na miaka 40. Nilifanya kazi miaka sita katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwenye chuo kimoja kule, na hili nililirudia kila muhula. Sheria ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo ikiwemo, kumiliki bunduki au risasi. Si kununua tu. Hata kuikodi kwenye uwanja wa kulenga shabaha saa moja ni kosa. Tangu 2022 adhabu yake inaweza kufika miaka 15 jela. Na akipatikana na hatia ya silaha, anaweza kufukuzwa nchini, masomo yakaishia hapo.

Kuna vighairi vichache, na kikubwa ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote la huko. Nakutajia kwa sababu lazima atakutajia yeye. Bila hiyo leseni mkononi, asiguse.

Huyo mwenzake naye anajiweka pabaya. Kumuuzia mtu unayejua amekatazwa ni kosa la muuzaji pia. Na wakipanga kwamba mwenzake aingie dukani anunue kwa jina lake halafu ampe kijana wako, wote wawili watashtakiwa. Pale dukani mnunuzi hujaza fomu 4473, inayomuuliza kama anajinunulia mwenyewe na kama yuko kwa viza ya muda. Kudanganya kwenye hiyo fomu ni kesi nyingine.

Hoja yako ndiyo hiyo, mama. Usimwambie unaogopa. Mwambie asome sheria hadi kwenye viza.

JiraniWaDallas
Nimejifunza. Mimi nina grini kadi, sikuwahi kufikiria upande huo. Niwie radhi mama, nilikujibu nusu. Hiyo bunduki isikae jikoni wanakopita wote. Mwenyewe aifungie kwenye kabati lake na ufunguo akae nao, ama waachane chumba. Na kijana asipige picha akiwa ameishika.

MamaKibuye
Nimetoka kuongea naye sasa hivi. Alianza kwa kubisha, nikamsomea maneno ya NimerudiNakuru moja moja. Akanyamaza hadi nikasikia ile friji ikinguruma. Kisha akauliza, "Hata kuishika tu?" Nikamwambia hata kuishika. Ameniapia hajaitoa mahali ilipo. Usiku huu mwenzake anaihamishia kwa mjomba wake, na Jumatatu kijana ataenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni aulize mwenyewe. Nimemwambia anitumie picha ya friji ikiwa peke yake.