Naomba ushauri: kutambua punda anayechechemea kwa video na akili bandia

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Naandika kutoka mjini Lamu, ambako mchanga, saruji na mawe ya ujenzi hupitishwa vichochoroni kwa mgongo wa punda. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikirekodi video za punda wetu sita, zizini na njiani, nikitaka kompyuta inisaidie kumtambua mapema anayechechemea, kwa kuwa punda ni hodari wa kuficha maumivu, na hadi mtu auone mguu umevimba, mnyama huwa ameshateseka.

Nimejaribu DeepLabCut, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2018, ambayo hufunzwa kwa picha chache, pengine 200 hivi, zilizowekewa alama kwenye masikio, magoti na kwato, kisha huvifuata viungo hivyo yenyewe katika video nzima. Zizini inafanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Taabu iko vichochoroni: kuta zinatupa kivuli kizito kando ya jua kali, na magunia hufunika mabega, hivyo alama huruka kutoka punda mmoja hadi mwingine.

Je, niongeze picha za punda waliobeba mizigo, au nirekodi asubuhi tu, kamera ikiwa imetulia ubavuni? Pia, naona si haki mimi mwenye punda niamue nani anachechemea. Je, inatosha daktari mmoja wa mifugo kuzitazama video bila kuonyeshwa jibu la kompyuta, au watakiwe wawili?